UZI: Geuza MIDI yako kuwa audio mapema, mimi nimeshapoteza nyuzi za wimbo mzima

Mchakato_wa_Sauti (mwanzisha uzi)

Wakuu habari zenu. Huu uzi nimekuwa nikiuahirisha ila juzi yamenikuta kwa mara ya pili nikasema basi, leo naandika, hata kama nusu yenu mnayajua haya.

Iko hivi. Kuna wimbo nilitengeneza kama miaka minne nyuma, jamaa anayemiksi akaniambia bana ule wimbo tuufufue, nitumie trek zake. Nikamjibu dakika mbili tu. Nafungua projekti kwenye kompyuta niliyonayo sasa, inafunguka vizuri, manoti yote yapo, vile vijumba vya rangi vimejipanga kwenye piano roli kama nilivyoviacha, nabonyeza plei, ngoma zinalia, besi inalia, nyuzi (strings, vyombo vya upinde) kimya. Plagini ya nyuzi (programu ndogo inayotengeneza sauti yake) haikuwepo kwenye kompyuta mpya na toleo nililotumia kipindi kile silipati tena, lililopo sasa halisomi mipangilio ya zamani. Nikaweka plagini nyingine. Manoti yale yale, akodi zile zile, ukawa wimbo mwingine kabisa. Zile nyuzi za mwanzo zilikuwa na kamkwaruzo fulani upinde unapogusa kabla noti haijashika, na kale kamkwaruzo ndo kalikuwa kanabeba kiitikio. Nilichobaki nacho ni MP3 ya demo yenye kila kitu kimeshachanganywa.

Kosa ni langu, sikugeuza MIDI kuwa audio wakati kila kitu kinafanya kazi. Siku ile ingenichukua dakika tano.

Kwa wageni wa hii kitu, MIDI haina sauti ndani yake, hata chembe. Ukipiga kinanda kinachorekodiwa ni taarifa kwamba noti namba 60 imebonyezwa kwa nguvu 100, baadaye inakuja taarifa nyingine kwamba imeachiwa. Noti zina namba 0 mpaka 127, nguvu nayo hivyo hivyo, chaneli ni 16, basi. Sauti anaitengeneza mwingine, iwe plagini au sinthi (kinanda cha kielektroniki), na kila ukibonyeza plei anaitengeneza upya. Huyo akiondoka unabaki na karatasi ya manoti na ukumbi mtupu. Ndo maana faili la MIDI la wimbo wa dakika nne ni kilobaiti kadhaa tu, wakati trek moja ya audio ya stirio, 44.1 kHz biti 24, kwa dakika hizo hizo nne inafika kama megabaiti 63. (Biti ya kompyuta hapo, sio biti ya kuchania mistari.)

Ninavyofanya sasa: nahifadhi projekti kwa jina jipya kwanza, mwisho wa jina naongeza neno AUDIO, ile ya MIDI inabaki kama ilivyo na siigusi. Afu nazima kila kitu kilichokaa kwenye masta (chaneli ya mwisho inayopitisha trek zote), hasa limita, ile ya kuzuia sauti isizidi kiwango. Nasolo trek moja (ilie peke yake), naweka mwanzo sifuri kabisa ya wimbo hata kama chombo chenyewe kinaingia dakika ya pili, mwisho naongeza baa kadhaa baada ya noti ya mwisho, natoa WAV ya biti 24. Afu nasikiliza kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Hii ya kusikiliza ndo watu wengi tunairuka.

Maswali karibuni, na wenye uzoefu tofauti mwageni hapa.

KambiPopote

Naweka kambi. Nimeshaumwa na hii kitu.

FundiFeda

Mkuu umenena. Ngoja niongezee majina maana kila programu inaiita kivyake na hapo ndo watu wanapotea, mtu anatafuta kitufe kilichoandikwa "geuza MIDI" anakosa anadhani programu yake haiwezi.

Logic wanaita Bounce in Place, Cubase ni Render in Place, Pro Tools ni Commit, Studio One ni Transform to Audio Track, Reaper utaikuta kama Render tracks to stem tracks. Ableton Live unafanya Freeze kwanza afu Flatten. FL Studio ukitaka zote kwa mpigo, kwenye dirisha la kueksipoti unatiki Split mixer tracks, ila hakikisha kila chombo kina chaneli yake kwenye mikisa, ukirundika vyombo vitatu chaneli moja vitatoka vimeshikana na hutavitenganisha tena.

Na msichanganye kufrizi na kubaunsi. Kufrizi ni kama kuifunika trek kwa muda, programu inatengeneza audio kimyakimya pembeni inapumzisha plagini, prosesa inapumua, ukitaka kubadili noti unaifunua unaendelea. Kubaunsi unapata kipande cha audio mkononi, unakikata, unakigeuza kinyumenyume, unakituma kwa mtu.

KijanaWaBesi

Wakuu mimi swali langu, kila nikitoa audio akodi ya mwisho inakatika kama mtu kazima swichi. Kwenye MIDI inafifia vizuri tu. Tatizo nini?

Mchakato_wa_Sauti

@KijanaWaBesi hiyo ni mkia. Fungua ile WAV yako uvute karibu kabisa pale mwisho, utaona mawimbi yanakuja yanapungua pungua afu ghafla ukuta, mstari wima, kimya. Sasa rudi kwenye MIDI uangalie kale kakijumba ka noti kanaishia wapi, dau langu ni kwamba kanaishia pale pale ulipo ukuta. Programu imetoa audio kwa urefu wa kipande cha MIDI, ila sauti haimalizikii pale noti inapoachiwa, chombo chenyewe kina muda wake wa kuzimika, juu yake kuna riverbu (mwangwi wa chumba) na dilei (sauti inayojirudia) bado zinazunguka. Kwa tempo ya 90 baa moja ya nne kwa nne ni kama sekunde 2.7, kwa hiyo riverbu ya sekunde tano inataka baa mbili kamili za ziada ndo iishe. Vuta mwisho wa eneo unalotoa uende mbele, au kama programu yako ina sehemu ya kutiki mkia tiki.

Mimi siku hizi naongeza baa nne bila kufikiria. Kimya hakimuumizi mtu, utakikata baadaye.

KijanaWaBesi

Dah kumbe. Yaani nilikuwa naongeza feidi ya mkono (kufifisha sauti taratibu) kuficha ule ukuta, wimbo wa tatu huu.

HainaHaja

Mi nitakuwa tofauti kidogo msinipige mawe. Haya mambo yalikuwa ya zamani kompyuta zikiwa dhaifu. Sasa hivi laptopu inabeba trek 80 za plagini haikohoi, kwa nini nijifunge? Nikibaki na MIDI naweza kubadili noti, nabadili chombo, nabadili tempo hata siku ya mwisho. Ukishageuza audio umejipiga pingu mwenyewe. Msanii akija akasema nataka nusu toni juu unafanyaje?

FundiFeda

@HainaHaja hakuna anayekurushia jiwe, la msanii na nusu toni ni kweli kabisa. Mimi sibaunsi kitu kabla vokali haijarekodiwa na kiii (toni ya wimbo) haijakubalika. Tempo pia, ukishakuwa na audio afu ukaitoa 90 ukaipeleka 100 programu itainyoosha, na nyuzi au piano zikinyooshwa unasikia kabisa zinatetemeka kama ziko ndani ya maji. MIDI haina shida hiyo, maelekezo yanasomwa haraka zaidi tu.

Ila kusema hamna haja, hapana. Prosesa sio sababu pekee. Mfumo wa macOS Catalina wa 2019 uliacha kabisa programu za biti 32, kwa hiyo plagini yoyote iliyokuwa ya biti 32 tu ikawa haifunguki hapo. MIDI za watu zilikuwepo zote salama salimini, za nini sasa? WAV ya mwaka 1995 mpaka leo unaiburuza ndani ya programu yoyote inalia.

HainaHaja

Sawa ila hiyo ni hoja ya kuhifadhi, sio ya kufanyia kazi. Nabaunsi mwishoni kabisa natunza kwenye diski, ila namiksi na MIDI yangu.

Mchakato_wa_Sauti

Ukifanya hivyo mimi sina ugomvi na wewe hata kidogo. Wanaonisumbua ni wale wanaosema watabaunsi mwishoni na mwishoni haifiki. Nami nilikuwa mmoja wao.

Na kuna faida moja usiidharau, audio inakulazimisha uamue. Nilikuwa na wimbo nabadili snea (ngoma ile kali) kila siku, wiki tatu, siku nilipoibaunsi nikaacha kuifikiria nikamaliza wimbo.

Nota_Nyeusi

Habari zenu jamani, mimi ni mgeni kidogo. Nimefuata maelekezo ya hapo juu, nimetoa piano yangu kuwa WAV nikairudisha ndani ya projekti, ila haifanani na ile ya MIDI. Imekuwa ndogo afu imerudi nyuma, kama mtu anapiga akiwa bafuni. Nimerudia mara tatu. Ni plagini mbovu au mimi?

KambiPopote

Umetoa kwa MP3 nini

Nota_Nyeusi

Hapana, WAV biti 24 kama alivyosema.

FundiFeda

Dada tuanze taratibu. Ile WAV umeiweka kwenye trek gani, mpya kabisa tupu au umefanyaje?

Nota_Nyeusi

Nilidurufu trek ya piano ili rangi na jina vibaki, nikatoa ile plagini ya piano afu nikaburuza WAV humo.

FundiFeda

Haya tumeshakaribia. Kwenye ile trek ya piano feda (kitelezi cha kupandisha na kushusha sauti) ilikuwa wapi, na kuna riverbu imekaa humo?

Nota_Nyeusi

Feda iko -6. Riverbu ipo ndio, na ikwalaiza.

FundiFeda

Basi sio plagini na wala sio wewe kuharibu, ni hesabu imepigwa mara mbili. Ulipotoa ile WAV ilitoka ikiwa imeshapita kwenye ikwalaiza, riverbu na feda, yaani -6 imeshamo ndani ya faili. Ukaiweka kwenye trek iliyodurufiwa ambayo nayo ina ikwalaiza ile ile, riverbu ile ile na feda -6. Sasa ni -12. Kwa desibeli -6 ni karibu nusu ya ukubwa wa wimbi, -12 ni robo. Na riverbu juu ya riverbu ndo hilo bafu lako.

Weka WAV kwenye trek mpya tupu, feda sifuri, panu (kushoto kulia) katikati, usiweke kitu. Itakuwa sawa.

Nota_Nyeusi

Ngoja nijaribu.

HainaHaja

Hapa ndo naungana na wenye uzi, hii ya mara mbili imenitesa sana nilipoanza. Otomesheni (mistari inayosogeza feda yenyewe) nayo inafanya hivyo hivyo. Una feidi kwenye feda mwisho wa wimbo, unabaunsi, feidi imo ndani ya faili, afu ile mistari ya otomesheni bado imebaki kwenye trek, inafeidi iliyofeidi.

Nota_Nyeusi

Imekubali!! Asanteni sana jamani. Nilishaanza kuitukana plagini.

FundiFeda

Raha sana. Sasa nikupe namna ya kujithibitishia mwenyewe usitegemee masikio peke yake maana masikio yanachoka. Iweke ile WAV sambamba na trek ya MIDI, zote zianze sehemu moja, afu moja wapo igeuze fezi (mawimbi yapinduke juu chini), kuna kitufe chenye duara lililokatwa na mstari. Cheza zote mbili kwa pamoja. Kama zinafanana kabisa zitafutana, utasikia kimya. Ukisikia piano ndogo kwa mbali ujue kuna tofauti ya sauti, ukisikia kama mwangwi tu ujue riverbu hazilingani. Zikiachana kwa muda hata milisekunde moja hazifutani, zitalia nyembamba kama redio ndogo.

KijanaWaBesi

Nimejaribu hii kwenye pedi yangu ya sinthi haikufutana kabisa, na nina uhakika hakuna feda mara mbili. Nimesimama hapo.

FundiFeda

Sinthi hiyo ina mtetemo usiofuata mwanzo wa noti? Vyombo vingi vina kitu cha bahati nasibu ndani. Kuna LFO (mawimbi ya polepole yanayotikisa sauti) zinazozunguka zenyewe bila kujali umebonyeza saa ngapi, kuna sampo (sauti halisi zilizorekodiwa) za ngoma na nyuzi zenye rekodi nne tano za noti moja na plagini inabadilisha badilisha ili isisikike kama mashine. Kwa hiyo MIDI ile ile ukiicheza mara mbili unapata audio mbili tofauti. Hilo sio kosa.

Ila fikiria maana yake. Ile mara moja uliyosikia pedi ikapanda vizuri pale vokali inapoingia, kesho ukiplei haitapanda vile. Ukiipenda ichape hapo hapo. Mimi nyingine natoa mara tatu nne nachagua iliyokaa.

Mchakato_wa_Sauti

Hii ya FundiFeda isomeni mara mbili. Mkwaruzo wangu ulikuwa hivyo hivyo, haukuja kila ukiplei.

MzeeWaWaya

Vijana hamjambo. Naona mnaongelea plagini tu, sisi wenye vyombo vya nje mmetusahau. Nina sinthi mbili za mezani na sampla moja, na nimeshapokea maswali ya mtu aliyechomeka waya wa MIDI kutoka kwenye sinthi mpaka kwenye saundikadi akawa anasubiri sauti ije. Haiji wajukuu zangu. Waya ule unapitisha maelekezo tu.

Unataka waya wa MIDI kutoka kompyuta kwenda kwenye sinthi, afu waya wa sauti kutoka sinthi kurudi kwenye saundikadi, unafungua trek ya audio, unabonyeza rekodi, na unakaa unasubiri. Wimbo wa dakika tano unarekodiwa dakika tano, hakuna kubaunsi haraka haraka hapo maana sinthi haijui kukimbia. Ukijaribu kutoa kwa haraka utapata faili refu la kimya. Na zima kile kitu kinaitwa Local kwenye kinanda chenyewe, la sivyo noti moja italia mara mbili, ya kidole na ya kompyuta.

Na ule waya una mwendo wake. Viwango vya MIDI vilitoka 1983 na mpaka leo waya wa pini tano unapitisha biti 31,250 kwa sekunde, ujumbe wa noti moja unachukua karibu milisekunde moja kupita. Noti zinapita moja moja kwenye foleni. Ukiwa na akodi ya noti kumi na ngoma mbili kwenye waya mmoja, ya mwisho inafika imechelewa kama milisekunde kumi. Kwenye nyuzi husikii. Kwenye kiki (ngoma kubwa ya chini) na snea unasikia. Mimi narekodi ngoma peke yake kwanza, nyingine zote nikizizima, afu ndo akodi.

Mchakato_wa_Sauti

Shikamoo mzee. Hili la foleni sikuwahi kulifikiria, mi nilidhani ni mikono yangu.

MzeeWaWaya

Marahaba. Mikono nayo iangalie lakini.

KambiPopote

😂😂😂

Nota_Nyeusi

Samahani narudi tena. Kuna kaka nafanya naye wimbo, ananitumia midundo yeye anapiga mimi naimba. Safari hii kanitumia faili limeandikwa mwisho .mid, nikilifungua kila kitu ni piano. Hata ngoma zimekuwa piano, inachekesha kweli. Kwake anasema inalia vizuri.

Mchakato_wa_Sauti

Dada kakutumia karatasi ya manoti, sio wimbo. Kwake inalia vizuri kwa sababu plagini ziko kwake. Kwako programu haijaambiwa kila trek ipigwe na nini ikachukua chombo cha kwanza kwenye orodha. Kuna orodha ya vyombo 128 inaitwa General MIDI, ya mwaka 1991, namba moja kwenye ile orodha ni piano. Na ngoma kwa utaratibu ule zinakaa chaneli ya 10, kama yeye aliziweka chaneli nyingine ndo hizo zinakulilia kama piano. Kiki ni noti 36 kwa hiyo utakuwa unasikia piano nzito kule chini inagonga gonga.

Mwambie akutumie audio, trek moja moja au hata mdundo mzima kwenye faili moja la stirio kama wewe unaimba tu. Muulize na BPM (tempo, mapigo kwa dakika) aandike kwenye jina la faili.

Nota_Nyeusi

Eti gonga gonga, ndo hivyo hivyo 😂 Nimemwambia.

FundiFeda

Na mwambie asitume MP3 kwa ajili ya kurekodia. Sio suala la ubora peke yake, MP3 inapotengenezwa inaongezewa kimya kidogo mwanzoni, kidogo sana, ila ukiirudisha kwenye projekti yake vokali zako zote zitakuwa hazijakaa sawa na ngoma, na mtalaumiana nani haimbi kwenye taimu.

Kingine mkubaliane kabisa mnarekodi kwa 44.1 au 48 kHz (vipimo elfu ngapi vya sauti kwa sekunde). Hii ikienda vibaya inachanganya kweli. Faili la 44.1 likichezwa kama la 48 bila kugeuzwa linakimbia, wimbo wa dakika nne unakuwa wa dakika tatu na sekunde 40 hivi na kiii inapanda karibu nusu toni moja na nusu nyingine ya hiyo. Yaani haikai kwenye kiii yoyote ya piano. Ukisikia vokali inalia kama ya mtoto na haipatani na chombo chochote, kabla hujanunua plagini ya kurekebisha sauti angalia hiyo namba.

KijanaWaBesi

Na ngoma je? Zangu zote ziko trek moja ya MIDI, kiki, snea, hai hati (zile sahani mbili zinazofunguka na kufungwa) pamoja. Nikibaunsi napata faili moja, anayemiksi ananigombeza anataka kila moja peke yake.

FundiFeda

Njia ni mbili. Ya kwanza, plagini yako ya ngoma ikiwa ina njia nyingi za kutokea, kiki unaitoa njia yake, snea njia yake, zinakuja kwenye mikisa tofauti. Hiyo ndo safi. Ya pili ya kibabe, durufu trek ya MIDI mara ngapi unavyotaka, ya kwanza futa noti zote bakisha kiki, ya pili futa bakisha snea, unatoa moja moja. Inachosha ila inafanya kazi kwenye programu yoyote. Kitu kimoja tu uangalie hai hati, ya kufunga na ya kufungua zibaki trek moja. Ya kufunga huwa inaikata ya kufungua, ukizitenganisha ile ya kufungua itaendelea kulia mpaka mwisho wake na gruvu yako imekufa.

KijanaWaBesi

Hiyo ya hai hati ningeingia mzima mzima.

HainaHaja

Narudi na langu dogo. Nimejaribu leo kubaunsi projekti nzima maana mmenisumbua kichwa, piano moja kubwa ya sampo imetoka ina noti zimepotea, katikati kabisa, mbili tatu. Kwenye kuplei zipo.

FundiFeda

Umetoa kwa haraka? Zile piano za gigabaiti nyingi zinasoma sampo kutoka kwenye diski kadri zinavyohitajika, programu ikikimbia mara kumi ya mwendo wa kawaida nyingine zinashindwa kuleta sampo kwa wakati. Toa kwa mwendo wa kawaida, karibu programu zote zina hiyo sehemu. Afu si ndo faida ya kusikiliza aliyosema mwenye uzi.

HainaHaja

Imetoka nzima sasa. Nakubali yaishe, ila MIDI yangu siifuti.

Mchakato_wa_Sauti

Hakuna aliyesema uifute!

MzeeWaWaya

Mwenye uzi nikuulize kitu. Ile projekti yako ya zamani yenye nyuzi, kipindi kile kompyuta yako ilikuwa na nguvu?

Mchakato_wa_Sauti

Hata kidogo mzee, ilikuwa inakwama kwama trek ya kumi tu.

MzeeWaWaya

Basi lazima ulikuwa unafrizi. Na ukifrizi programu huwa inaandika audio mahali, nyingi zinaweka ndani ya folda ya projekti yenyewe na mtu haendi kuangalia humo. Una folda nzima ya zamani au ulihamisha faili la projekti peke yake?

Mchakato_wa_Sauti

Nilihamisha faili peke yake. Diski ya zamani ipo kwenye droo. Ngoja.

KambiPopote

Hapa sitoki.

Nota_Nyeusi

Hata mimi.

Mchakato_wa_Sauti

Wakuu.

Nimeikuta. Ndani ya folda ya projekti kuna folda ya frizi, ndani yake kuna WAV saba zenye majina ya ajabu ajabu namba tupu, nimefungua moja moja, ya tano ni nyuzi. Dakika tatu na sekunde 52, inaanza sifuri ya wimbo, imekaa juu ya ngoma bila kusogeza chochote.

Ila niliifrizi kabla sijabadilisha akodi ya mwisho kwenye kiitikio cha pili, kwa hiyo baa mbili pale zinapigana na besi. Nimejaribu kuzikata nikaweka nyuzi za plagini mpya kwenye hizo baa mbili tu, unasikia kabisa wapigaji wamebadilika. Nimemtumia jamaa zote mbili, yenye kiraka na isiyo na kiraka, amenijibu sasa hivi anasema acha nyuzi kama zilivyo, rudi ubadilishe besi.

Besi bado ni MIDI.